Tumbo lililojua ratiba ya mitihani

Nilipokuwa na miaka 15, tumbo lilinisumbua karibu mwaka mzima. Nilipimwa minyoo, nikapimwa vidonda, na kila majibu yalipotoka sikuonekana na ugonjwa. Nyumbani wakaanza kushuku kwamba nadeka. Baada ya muda hata mimi nikaamini hivyo, na hilo liliniuma kuliko tumbo lenyewe.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi mmoja. Aliniuliza, "Linauma siku gani?" Nikahesabu: Jumapili jioni, asubuhi ya mtihani, siku ya matokeo. Likizo, kimya kabisa.

Ubongo ukihisi hatari huuamuru mwili kumwaga adrenalini na kortisoli, yaani homoni za kukabili hatari, na uyeyushaji wa chakula huvurugika. Hatari yenyewe inaweza kuwa karatasi ya hesabu tu, lakini maumivu ni ya kweli. Basi kabla hujajiita mdekaji, andika kwa wiki mbili siku linapouma na kilichokuwa mbele yako siku hiyo. (Vipimo usiviruke. Tumbo nalo huugua.)

Kisha angalia usingizi. Mimi nilikuwa bingwa wa kukesha, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili nisisinzie, nikiona fahari. Kumbe ubongo huyapanga na kuyahifadhi uliyosoma wakati umelala, kwa hiyo nilikuwa najaza maji kwenye pakacha. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanashauriwa kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Mimi nililala 4. Na wazazi mjue kwamba balehe husogeza mbele saa ya usingizi, kwa hiyo kijana asiyesinzia mapema si lazima awe mkaidi. Nilipoanza kufunga madaftari saa nne usiku, alama hazikupaa. Ila niliacha kusahau kila kitu mara tu karatasi ya mtihani inapofunuliwa.

Badala ya kukesha nikisoma ukurasa uleule, nilifunga kitabu na kuandika ninachokumbuka, kisha nikarudia baada ya siku chache. Inachosha, lakini inakaa kichwani.

Kilichonishinda zaidi ni kusema. Mara ya kwanza nilimwambia mama, "Shule imenichosha," akanijibu kwamba wote walipitia. Simlaumu, sentensi yenyewe haikuwa na pa kushika. Mara ya pili nilimpelekea karatasi yangu ya wiki mbili: "Mama, tumbo linauma kila Jumapili, nalala kwa saa 4 tu, na matokeo yakikaribia sili." Aliisoma mara mbili, akazima redio, akavuta kiti.

Kuna hali zisizosubiri karatasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo hauko peke yako. Huzuni ikidumu wiki mbili, au ukipoteza hamu hata ya ulivyovipenda, tafuta mtaalamu. Wazo la kujidhuru likikujia, mwambie mtu mzima siku hiyohiyo, na akipuuza nenda kwa mwingine, hata kama ni usiku.

Siku hizi nina kazi na mtihani sina, lakini Jumapili jioni tumbo bado hunung'unika. Huwa naliuliza kesho kuna nini.