Je, aliyetoroka karantini anaweza kukamatwa?

Umeuliza kama nchini Kenya polisi wanaweza kumkamata mtu aliyetoroka karantini au kuacha dawa za kifua kikuu. Kwa ufupi, ndiyo, lakini mamlaka hayo yana mipaka ambayo maafisa wengi huisahau. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kinaruhusu mtu aliyekaribiana na maambukizi apelekwe mahali pa kutengwa kwa amri ya hakimu, baada ya afisa wa afya kutia saini cheti, na azuiliwe humo hadi afisa huyo aridhike kwamba hana tena hatari kwa umma, au hakimu aifute amri hiyo. Kwa hiyo polisi hutekeleza amri. Si wao wanaoamua nani atengwe.

Swali zito zaidi ni anapelekwa wapi akishapatikana. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu walioacha matibabu waliamriwa na mahakama kukaa miezi minane katika gereza la Kapsabet, ndani ya seli zenye msongamano, jambo ambalo hata kitabibu halina mantiki, kwa kuwa ugonjwa huo husambaa kwa hewa. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho hakiruhusu kumfunga mgonjwa gerezani, na kwamba kufanya hivyo kulikiuka Katiba. Anayekamatwa leo anapaswa kurudishwa kwenye kituo cha afya.