Vizibo vya masikio kwenye shoo ya laivu: sponji au vya filta?

Vya filta ndugu, vile vya silikoni vyenye katundu kadogo katikati. Sponji inakata sauti nyembamba kuliko inavyokata besi, ndo maana ukivaa unabaki na dundo tu, maneno ya muimbaji huyapati, mwisho mtu anavivua kabisa wakati mziki ndo umekolea. Filta inashusha zote karibu sawa, unasikia mziki uleule ila chini. Mi nakaa kwenye mikisa maharusi huku Mtwara na ndo navyotumia. Kwenye pakti angalia namba ya SNR, yaani kinashusha sauti kiasi gani, 15 mpaka 20 inatosha, ukiwa unasimama jirani na spika panda kidogo.

Na usipuuzie, maana kikomo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ni sauti ya desibeli 85 kwa masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, sasa hesabu mwenyewe, 100 ni dakika 15 tu, na singeli ikipigwa uwanja wa Nangwanda ukiwa mbele ya spika unaweza kufika huko kabisa.

Ila hadwea za huku mara nyingi utakuta sponji tu, vya filta agiza Dar. Ukikosa vaa hiyohiyo sponji, isokote iwe nyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka ivimbe. Pamba na tishu achana navyo, havizuii kitu cha maana.