Majani yamesinyaa na udongo umelowa? Usiongeze maji, utoe mmea uangalie mizizi

Ndugu, nimesoma ulivyoeleza: mmea wako wa majani manene ulikuwa mzima kabisa, sasa majani ya chini yamegeuka njano na kulainika, mengine yanasinyaa. Ukadhani una kiu, ukaongeza maji, hali ikazidi kuharibika. Unauliza kama uuache tu udongo ukauke wenyewe. Hapana, usiuache. Utoe kwenye chungu leo hii.

Nakuambia hivyo kwa sababu mimi nilisubiri. Nilikuwa na krasula, kile kimti chenye majani ya mviringo yanayong'aa, niliyoipanda kutokana na kipando cha urefu wa kidole alichonikatia mama. Ilinikalia miaka sita, shina likawa nene kama dole gumba. Kikaja kipindi cha baridi na mawingu, nami nikaendelea kumwagilia vilevile kama wakati wa jua kali. Majani yakaanza kusinyaa, nikaongeza maji. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo mmea unaonyesha kiu huku umekaa kwenye tope. Mizizi inahitaji hewa pia. Udongo ukijaa maji siku nyingi hewa yote inatoka, mizizi inakufa, kisha kuvu waliomo udongoni wanaingia na kupanda mpaka kwenye shina.

Kiu ya kweli utaijua hivi: jani limekunjamana lakini ukilibonyeza linapinda kama ngozi, na udongo ni mkavu hadi chini. Maji yakizidi, jani linakuwa kama limechemshwa, karibu unaona upande wa pili, na ukiligusa tu linadondoka. Chomeka kijiti cha mbao hadi chini ya chungu. Kikitoka kimelowa na udongo umekigandia, jibu unalo.

Ukishautoa, kung'uta udongo wote, usibakishe ule uliolowa. Mizizi mizima ni migumu na rangi yake ni nyeupe au inakaribia weupe. Iliyooza ni ya kahawia nzito au nyeusi, inateleza, na ukiivuta taratibu ganda lake linavuka kama soksi, unabaki na uzi mwembamba mkononi. Ya kwangu yote ilikuwa hivyo, na harufu yake ni ya maji ya mtaro. Kata yote ya namna hiyo. Kama mizizi mizima imebaki na shina ni gumu, umepona: uache mmea ukae nje ya udongo siku mbili tatu, kisha upande upya.

Kama shina lenyewe limelainika, itabidi ukate shina, na hapa usione huruma. Chukua kisu kikali, kipanguse kwa spiriti, kata juu ya sehemu iliyolainika, kisha tazama uso wa mkato. Ukiona duara au madoa ya kahawia ndani, uozo bado upo hata kama kwa nje shina linaonekana zima. Panguza kisu tena, panda juu kidogo, kata tena. Mimi nilikata mara saba. Mkato wa saba ulikuwa wa kijani kibichi, safi, hauna hata alama. Doa dogo tu ukiliacha litakuozesha tena chini ya udongo.

Kisha kipande hicho kiweke kivulini penye hewa, bila udongo wala maji, mpaka kidonda kifanye kigaga kikavu. Shina jembamba siku tatu zinatosha, nene hufika wiki au zaidi. Wako wanaopaka unga wa mdalasini. Mimi sioni haja, kinachofunga kidonda ni ukavu.

Udongo nao uwe mwepesi: nusu udongo wa bustani, nusu mchanga wa chenga kubwa au kokoto ndogo ndogo. Mchanga laini unashikamana ukawa kama saruji, achana nao. Chungu kiwe na tundu chini, na kama ni cha udongo wa kufinyanga ndiyo bora zaidi, maana kinapumua. Usipange mawe chini ukidhani yatachuja maji. Maji hayashuki kwenye mawe mpaka udongo wa juu yake ushibe kwanza, kwa hiyo mizizi inabaki na nafasi ndogo zaidi na iliyolowa zaidi.

Panda kwenye udongo mkavu, usimwagilie kwa wiki moja. Mahali pawe na mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja.

Wakati unasubiri, chukua majani mazima machache uyalaze juu ya udongo mkavu. Krasula huchipua kwa jani, na hata nyingi za zile zenye majani yaliyojipanga kama ua. Alovera haikubali, jani lake litaoza tu. Yenyewe okoa watoto wanaochipua pembeni.

Siku ya 24 niliivuta krasula yangu kidogo kwa vidole viwili, ikagoma kutoka. Ilikuwa imeshika. Sasa namwagilia pale tu kijiti kinapotoka kikavu, sihesabu siku.

Ukishautoa, niandikie mizizi ina rangi gani na shina limelainika kufikia wapi, nikuelekeze pa kuanzia kukata.