Daftari la michango likifika mezani kwako

Wewe uliyeripoti kazini Mtwara mwezi huu, kabla mshahara wa kwanza haujaingia utaletewa daftari. Ni kaunta buku ya kawaida, imepigwa mistari kwa rula: jina, kiasi, saini. Juu kabisa yupo bosi, 50,000. Anafuata mhasibu, 30,000. Ukifika wewe, nani ana ubavu wa kuandika 3,000? Hakuna atakayekukaba koo. Mpangilio wa majina unatosha.

Kuna fomu pia, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kwenye ofisi niliyoanzia kazi, tulitakiwa kuwachangia yatima, 10,000 ikatwe kwenye mshahara. Nilisaini nimesimama, mleta fomu kanishikia kalamu. Nikajua ni mara moja. Mwezi wa tano bado nakatwa, nikaenda kwa mhasibu. Akafungua faili, akaniwekea kidole penye "mwisho wa makato": pako wazi, na chini yake saini yangu imekaa vizuri tu.

Baadaye ndipo nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hakati mshahara anavyojisikia. Makato yawe yameruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, amri ya mishahara, uamuzi wa mahakama au wa usuluhishi. La sivyo, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, tena kwa ajili ya deni. Sasa yatima wa watu mimi nilikuwa nadaiwa nao nini? Ukitaka kutoa, toa mkononi, salari slipu iache.

Usiandike "ahadi" pia. Ahadi ni deni la kujitakia: jina linabandikwa kwenye grupu la WhatsApp, mbele yake kistari kitupu, na kila jioni orodha inarushwa upya. Panga kiasi chako ukiwa nyumbani, ukitaje mara moja, usijieleze. Ukianza kusimulia ada ya mdogo wako, umefungua mnada. (Na huku Kusini minada ya korosho ikianza Oktoba, kila mtu anadhani una hela, hata usiye na mkorosho mmoja.)

Nami nimewahi kupewa ukusanyaji. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoacha mafuriko Kilwa na barabara ya Dar ikakatika, nilichukua boksi tupu la karatasi za A4, nikalitoboa kwa kisu, nikaliweka karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Bila daftari. Bosi akaja, akalizunguka, akauliza, "Sasa tutajuaje nani hajatoa?"

Nikamwambia hatutajua, mkuu. Alininunia hadi Ijumaa, halafu nikamwona kwa mlango wa stoo anakunja noti ndogo ndogo ili ipite kwenye tundu.