Kipandauso: kuanza na dawa gani

Dada yangu, umeuliza kwa nini zahanati yenu hapo Kisumu ilikupa ibuprofeni na metoklopramidi badala ya sumatriptani, ambayo ulisikia kuwa ndiyo dawa hasa ya kipandauso. Kwangu uamuzi huo ni wa busara. Wengi hupata nafuu kwa ibuprofeni ya miligramu 400 ikimezwa mara tu maumivu yanapoanza, si baada ya kuvumilia hadi jioni, kwa kuwa wakati wa kipandauso tumbo huzubaa na dawa huchelewa kuingia mwilini. Metoklopramidi huliamsha tumbo hilo na kutuliza kichefuchefu. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiitumie ibuprofeni bila ushauri wa daktari, naye mjamzito kwa kawaida huanzishiwa parasetamoli. Sumatriptani hufuata hayo yakishindwa, ila haimfai aliyewahi kuugua moyo au kiharusi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba, kama ulivyosema, unameza vidonge karibu kila siku. Ibuprofeni ikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, yenyewe huweza kuzalisha maumivu ya kichwa. Uliza kuhusu dawa ya kukinga kipandauso kisitokee, kama propranololi (isipokuwa una pumu) au amitriptilini kidogo ya usiku. Na kichwa kikiuma pamoja na homa, huku kwetu kando ya ziwa, pima malaria. Shingo ikikakamaa au mkono ukilegea ghafla, nenda hospitali bila kungoja kupambazuke.