Maswali na Majibu ya Magari: Pikapu Mpya, Kilo 900 na Safari ya Kidepo

SWALI: Asalaam aleikum, Mzee. Mimi ni mfanyabiashara wa hapa Bombo. Baada ya miaka mingi ya kuendesha magari yaliyokwisha kutumika Japani, mwaka huu Mungu amenijalia kununua pikapu mpya kabisa ya dizeli, dabo kabini, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi, mke wangu na vijana wetu wawili ambao sasa ni watu wazima tunakusudia kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kidepo, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mwezi wa Desemba kupitia Moroto na Kotido, tulale kwenye mahema, kisha turudi kwa njia ya Kitgum na Gulu. Nimeandika orodha ya vitu ninavyotaka vifungwe kabla ya safari: bampa la chuma la mbele lenye winchi ya kulivuta gari likikwama, kanopi ya chuma ya kufunika sanduku la nyuma, keria ya juu, hema la kufunga juu ya paa, droo za nyuma, friji, betri ya pili, tangi la maji la lita 80, jerikeni mbili za dizeli na tairi ya pili ya spea. Kitabu cha gari kinasema kwamba likiwa tupu lina kilo 2,100, na kwamba halipaswi kuzidi kilo 3,000. Je, nianze na kipi? (B.A., Bombo)

JIBU: Waaleikum salaam, Bwana B.A., na hongera kwa gari. Umenirahisishia kazi kwa kuziandika zile namba mbili za mwisho, kwa sababu watu wengi huniletea orodha ndefu kuliko yako bila kuwa wamekifungua kitabu cha gari hata mara moja. Tofauti ya namba hizo ni kilo 900, na hizo ndizo mali yako yote: kila kitu utakachokifunga, utakachokipakia au utakachokiketisha ndani ya gari hilo kitatoka humo.

Sasa tufanye hesabu pamoja, nami nitatumia uzito wa kawaida wa vitu hivyo. Bampa la chuma pamoja na winchi yenye kamba ya chuma ni kama kilo 105. Kanopi ya chuma ni 110, keria 40, hema la paa 65, droo 70, friji iliyojaa chakula 40, na betri ya pili ya risasi pamoja na nyaya zake 30. Maji lita 80 ni kilo 80 kamili, jerikeni mbili za lita 20 zilizojaa dizeli ni kama 42, na tairi ya ziada na rimu yake 35. Jumla ni kilo 617. Ninyi wanne, nikikadiria kilo 70 kwa kila mtu, mnakuwa 280, na hapo tumefika 897. Umebakiwa na kilo 3 za posho, nguo, sufuria, mtungi wa gesi, vyombo vya fundi na kila kile ambacho mama watoto atakikumbuka asubuhi ya safari.

Ndiyo maana sikujibu moja kwa moja swali lako la kuanza na kipi. Nashauri uanze kwa kufuta. Gari lililozidishiwa mzigo huchelewa kusimama, huchosha breki kwenye miteremko, na kwenye barabara ya murramu iliyofanya mikunjo kama bati la paa huvunja kitu ambacho hukukitarajia. Pikapu za dabo kabini zina ugonjwa wake maalumu: sanduku la nyuma limetokeza mbali nyuma ya ekseli, na mzigo mzito ukirundikwa huko mwishoni, kila shimo huupa nguvu ya kuukunja chasisi nyuma tu ya kabini. Shida huwa kubwa zaidi pale ambapo fundi, badala ya kupunguza mzigo, ameongeza mifuko ya upepo ya kuinua nyuma ili gari lionekane limesimama sawasawa.

Cha kwanza cha kufuta ni hema la paa pamoja na keria yake. Vitu hivyo viwili tu ni kilo 105, na pikapu nyingi haziruhusiwi kubeba hata kilo 100 juu ya paa la kabini zikiwa zinatembea. Mzigo wa juu pia hulifanya gari liyumbe kwenye kona, na wewe utapita kona nyingi. Hema zuri la chini la watu wanne lina kilo 15 au 20, nalo linaweza kubaki kambini limesimama wakati nyinyi mmekwenda kuangalia wanyama. Najua wengi huogopa kulala chini kwa sababu ya simba, na Kidepo simba wapo kweli. Lakini ndani ya hifadhi hutakiwi kulala popote unapopenda; utapiga kambi mahali palipotengwa na Mamlaka ya Wanyamapori, uwasikilize askari wa hifadhi, na usiweke nyama ndani ya hema.

Cha pili ni bampa na winchi. Hapa najua nitakukwaza, kwa sababu winchi ndiyo inayomfanya mwenye gari ajione kweli ni msafiri. Winchi inahitaji mti au mwamba wa kujishikilia, na ipo mbele tu, ilhali mara nyingi ukikwama njia iliyo salama ni kurudi ulikotoka. Miaka kadhaa iliyopita nilizama kwenye udongo mweusi baina ya Kotido na Kaabong, baada ya mvua ya usiku mmoja. Gari lilikuwa na bampa, winchi na taa nne za juu. Mti wa karibu ulikuwa mbali kuliko urefu wa kamba yangu, na koleo sikuwa nalo. Wachungaji walinisaidia kuchimba kwa mikono na kwa sahani zangu za kulia chakula mpaka jua likatua, na walicheka, tena walikuwa na haki ya kucheka. Udongo ule ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu, lakini ukinyeshewa huvimba, hujaza meno ya tairi na kuigeuza kuwa gurudumu laini lisiloshika kitu. Desemba kwa kawaida ni kiangazi huko Karamoja, kwa hiyo umechagua vizuri. Ila ikinyesha, dawa ni kusubiri jua.

Mahali pa winchi weka koleo lenye mpini mrefu, jozi ya mbao za plastiki za kukwamulia, mkanda wa kuvutia unaonyumbulika, na shakeli mbili (pingu za chuma za kuunganishia mkanda) zilizoandikwa uzito zinaoubeba. Hakikisha pia kwamba gari lina ndoana halisi za kuvutia, zilizofungwa kwenye chasisi kwa bolti. Zile pete nyembamba zilizotoka nalo kiwandani mara nyingi ni za kulifungia gari ndani ya meli. Na kamwe usifunge mkanda huo kwenye kile kichwa cha mviringo cha chuma cha kukokotea tela: kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekwisha kufa kwa njia hiyo. Watazamaji wote, hasa watoto ambao hukusanyika haraka, wakae mbali kuliko urefu wa mkanda.

Baada ya kufuta hivyo, fedha yako ya kwanza iende kwenye tairi. Tairi za kiwandani zimeundwa kwa ajili ya lami na ukimya, na ubavu wake ni mwembamba mbele ya mawe ya Karamoja. Nunua tairi tano, pamoja na ya spea, za aina ya njia zote, zenye ubavu ulioimarishwa kwa magari ya mizigo. Zile za matope zenye meno makubwa zinavuma kwenye lami, zinateleza lami ikilowa, nawe safari yako kubwa ni ya lami na murramu. Baki na saizi ya kiwandani. Ukitoka kwenye 265/65R17 kwenda 265/70R17, kwa mfano, kipenyo kinaongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Saa ya mwendo itasoma 100 wakati unakwenda 103, gari litakuwa zito kupanda, na ukipasuliwa tairi Kaabong utatafuta saizi ambayo duka la hapo halina. Tairi ya pili ya spea iache kwenye orodha. Kilo zake 35 zina kazi.

Ununue na kipimo cha upepo na kompresa ndogo ya kuunganishwa kwenye betri. Upepo ndio marekebisho ya bei rahisi kuliko yote, na ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote. Ikiwa unatembea na psi 35 kwenye lami, shusha hadi 28 hivi kwenye murramu mbaya na upunguze mwendo. Mtikisiko utapungua, na pancha pia, kwa sababu tairi laini hulikumbatia jiwe badala ya kupasuliwa nalo. Mto Kidepo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na hapo utashuka hadi 18, uweke magurudumu manne yavute kabla hujaingia, upite kwa mwendo usiokatika, kisha ujaze tena upepo ukitoka. Ukirudi kwenye lami kavu, zima uvutaji wa magurudumu manne ikiwa gari lako ni la aina ya kuwasha na kuzima, maana shafti za mbele na nyuma zitashindana kwenye kona mpaka kitu kivunjike.

Kuhusu springi na shokapu nitakuwa mfupi: pima gari lako kwenye mizani likiwa limepakiwa kama la safari, ndipo uende kwa fundi na namba hiyo mkononi. Springi za kubeba kilo 300 zaidi, zikiwekwa chini ya gari lisilo na mzigo huo kila siku, zitakutikisa Bombo yote. Usiliinue zaidi ya inchi mbili, na kabla ya kuligusa mwombe wakala aliyekuuzia akuandikie ni mabadiliko gani yatakayokupotezea dhamana. Jibu la mdomo halitakusaidia mwakani.

Kanopi chagua ya alumini au ya faiba. Droo badilisha na masanduku ya plastiki yenye mifuniko, yaliyofungwa kwa mikanda kwenye pete za sanduku la nyuma. Katwe, Kampala, wapo mafundi hodari wa kuchomelea ambao watakutengenezea kizuizi cha chuma chepesi kati ya mzigo na kabini kwa bei ya kueleweka. Waambie tu wasichomelee chochote kwenye chasisi, na watoe waya wa betri kabla ya kuwasha mashine, kwani kompyuta za gari jipya haziupendi umeme huo. Maji, friji na dizeli vikae mbele kabisa ya sanduku la nyuma, karibu na kabini, na vile vyepesi ndivyo vikae mlangoni.

SWALI: Mzee, rafiki yangu amefunga snorkeli kwenye gari lake na sasa anasema anaweza kuvuka mto wowote. Mimi nasafiri sana Adjumani na Moyo. Je, nami nifunge? (Msomaji, Arua)

JIBU: Snorkeli inapandisha mdomo wa kuvutia hewa hadi usawa wa paa, basi. Faida yake kubwa kwetu ni vumbi: ukifuata lori kwenye murramu, hewa ya juu ni safi kuliko ile ya karibu na gurudumu, na filta ya hewa itadumu zaidi. Kuhusu maji, rafiki yako ameilinda injini peke yake. Difu (sanduku la gia lililo kwenye ekseli) na giaboksi zina mirija ya kupumulia, ambayo mara nyingi ni mifupi. Difu lililopata moto likiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia mrija huo, na baada ya wiki chache oili inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kuirefusha mirija hiyo hadi juu ya injini ni kazi ya asubuhi moja, nami ningeifanya kabla ya snorkeli. Isitoshe, hakuna snorkeli inayozuia mkondo. Maji yaendayo kwa kasi yanaweza kulisukuma gari yakiwa na kina cha sentimita 30 tu, na kwenye sentimita 60 magari mengi huanza kuelea. Ikiwa huthubutu kuuvuka mto kwa miguu, usiuvuke kwa gari. Laropi, kati ya Adjumani na Moyo, kuna feri.

SWALI: Friji ya kambini inamaliza betri yangu kabla ya alfajiri, na gari ni jipya. Nimeambiwa ninunue alteneta (mashine inayozalisha umeme wa gari) kubwa zaidi. (K., Gulu)

JIBU: Acha alteneta ilivyo. Friji ndogo ya kompresa kwenye joto la Gulu hula kama ampea-saa 40 kwa siku, na betri ya kuwashia injini haikuundwa kwa kunyonywa polepole namna hiyo. Funga betri ya pili ya lithiamu ya ampea-saa 100, yenye nusu ya uzito wa ile ya risasi, pamoja na chaja inayochukua umeme wa gari na kuupandisha. Magari mengi mapya hupunguza volti za alteneta ili kuokoa mafuta, na swichi ya kizamani ya kuunganisha betri mbili haitaijaza ya pili hata ukiendesha siku nzima. Paneli ya sola ya wati 120 kando ya hema itakutosha kukaa siku tatu bila kuwasha injini. Weka fyuzi karibu na kila betri, pande zote mbili za waya mrefu, kwa maana waya usio na fyuzi ukisuguliwa na bodi njiani utaliunguza gari. Na ukishafunga lolote kati ya haya, tairi mpya zikiwemo, simama baada ya kilomita 100 za kwanza ukaze tena nati za magurudumu na bolti zote mpya.