Re: Jioni rasmi melini, magauni mangapi?

Dada, umeuliza ubebe magauni mangapi kwa safari ya siku 7 yenye jioni 2 rasmi, na kama mumeo lazima anunue tuxedo, ile suti ya sherehe ya tai ya kipepeo. Asinunue. Suti nyeusi, shati jeupe na tai vinatosha. Hata kampuni ya meli ya Cunard, wanaojulikana kwa kushikilia mambo ya kizamani, wanaipokea suti ya rangi ya giza kwenye jioni zao za gala, yaani zile rasmi. Kampuni ya Norwegian wao hawalazimishi kabisa.

Kwako wewe, gauni moja refu la rangi moja. Jioni ya pili badilisha mtandio na hereni, basi. Hakuna anayekuwekea daftari.

Cha kuangalia zaidi ni kitambaa. Pasi haziruhusiwi vyumbani kwa kuogopa moto, kwa hiyo chagua kisichojikunja ovyo. Langu hulitundika bafuni, nafungulia maji ya moto na kufunga mlango dakika kumi. Mikunjo midogo inaachia yenyewe. Hariri nyembamba usithubutu, tone moja la maji na alama imebaki.

Halafu viatu! Mimi nilijifanya mrembo na kisigino kama msumari, meli ikayumba kidogo tu pale ngazini, nikaingia ukumbini nimening'inia mkononi mwa mhudumu. Kisigino kinene, kifupi. Na shali, maana kiyoyozi cha kule ukumbini hakina huruma.

Mzee akigoma kuvaa tai, nendeni mkale kwenye bafe, pale pa kujipakulia wenyewe, huko hawana masharti makali.